Jibu la Swali la Tisa

Kitangari,
kwa njia ya Newala.
16 Novemba, 1957

Mpendwa mdogo wangu Filemoni,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kwanza, kwa hiyo nimeitikia kabisa, nisije nikasahau adabu huko mbele. Hujambo? Mkeo Sophia hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimemwacha? Mwezi wa nane uliandika kwamba hewa nzito ya Dar es Salaam inamkaza kifua, nasi huku tukamwombea kila Jumapili. Nijulishe kama amepona, maana Mama haachi kuulizia.

Sisi ni wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anakwenda zake shambani na hataki kushikwa mkono. Mvua bado. Mikorosho imezaa vizuri, kila nyumba watu wanaokota, na wanafunzi wangu wanakuja na vidole vyeusi vya utomvu. Maji ni shida ileile unayoijua: wasichana wanateremka bondeni alfajiri, wanapanda na ndoo, na kengele inalia wao wangali njiani. Mwanangu Majaliwa amengʼoka meno mawili ya mbele na anajivunia pengo.

Hizo ndizo salamu, na nimezitimiza. Sasa nikuambie wazi: nimekukasirikia, Filemoni. Leo ni siku ya tisa ya hasira hiyo. Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu sikutaka karani yeyote wa posta asome nilivyokuita.

Jambo lenyewe ni hili. Sikudhani, mtoto wa dada yako Mabel, mpwa wako wa tumbo moja, amekosa nafasi ya kuingia darasa la tano. Amekosa kwa alama tatu. Alama hizo zimepotea katika swali moja la mtihani wa darasa la nne, swali la tisa, lililohusu kitabu chako cha panya. Swali lilikuwa na alama tano naye akapewa sifuri, na aliyesababisha sifuri ile ni wewe. Orodha ya waliochaguliwa inafungwa tarehe kumi na tano Desemba. Kwa hiyo keti, usome mpaka mwisho, usiniweke kando ukasema utamalizia kesho.

Nianzie mbali kidogo, ili ujue kwamba sina kinyongo na kitabu. Kilipofika mwezi wa pili, nilikisoma kwa siku moja. Nilipofungua nikaona Sharubu wa Shamba la Shayiri, na chini yake kwa herufi ndogo kwamba kimefasiriwa kwa Kiswahili na Filemoni Nantanga, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Hajui kusoma, lakini nilimwekea kidole chake juu ya jina lako. Nakala ile ameifunga kwa kitambaa ndani ya sanduku lake, na kila mgeni akija inafunguliwa ukurasa uleule. Kiswahili chako ni kizuri, hilo sitakunyima hata kwa hasira. Ile sehemu ya baridi, jinsi panya wanavyolala wamekumbatiana na kusikia nyayo za mkulima juu yao, hata mimi niliisoma mara mbili.

Ila wewe ulikifasiri ukiwa mezani. Hujakiona kikisomwa na watoto arobaini na mmoja wenye nakala tatu. Mimi nimekiona. Niliandika sura nzima ubaoni, nikafuta, nikaandika tena, mpaka koti langu la kazi likawa jeupe. Waliuliza shayiri ni nini, nikasema ni kama mtama. Wakauliza theluji ni nini, nikasema ni mvua iliyoganda ikakaa chini, na siku hiyo hatukuendelea zaidi kwa sababu kila mmoja alitaka kujua kama mtu anaweza kuijaza ndooni na kuibeba nyumbani. Nilipowaambia inawezekana, wasichana walitazamana. Nchi yenye maji ya kuokota mlangoni waliiona ya kupendeza kuliko kitabu chenyewe.

Tukaenda vizuri. Baba yake Sharubu anauawa ukurasa wa pili na kutupwa jalalani. Sharubu anabaki na mama yake, na shangazi wawili, na mdogo wake Kiguu aliye kilema. Chakula kinakwisha, wanaanza kuiba ghalani mwa mkulima, mkulima anakasirika, anatega. Watoto walimpenda Sharubu kwa ujanja wake. Walikuwa wakimwigiza uwanjani, wamejichora sharubu kwa mkaa. Nilijiona mwalimu hodari.

Kisha tukafika sura ya saba, Kiguu anaponaswa. Ulivyoiandika, uzi unambana kiunoni, analia, anamwita kaka yake. Nilisoma kwa sauti na darasa likawa kimya kabisa. Nikadhani sasa watalia. Katika kimya kile Somoe, yule wa kiti cha nyuma, akameza mate, na mate yale yakasikika hadi ubaoni.

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, nikashindwa kuendelea. Wewe ungecheka pia, usinidanganye. Ungekuwa pale ungekumbuka miezi ya kiangazi majani yakishachomwa, mitego mistari kwa mistari kando ya njia za shamba, na samaki nchanga wamebanikwa kwenye kijiti juu ya moto wa Mama. Ndivyo tunavyowaita panya wa shamba mpaka leo, samaki nchanga, na mwaka huu walikuwa wanono.

Nilifunga kitabu. Nikasema basi tusisome, tuzungumze. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kupata somo kama lile. Shamte, mtoto wa wenye duka, ambaye kwao panya hawaliwi, alisema Kiguu anamtia huruma na machozi yalikuwa yakimlenga. Sikudhani akanyoosha mkono. Akamwambia, kwa upole tu, "Wewe hukosi kitu akiponyoka. Ghala si la kwenu." Shamte akajibu kwamba hata ghala la kwake angemwacha aende. Sikudhani akafikiri, akasema, "Labda. Lakini kwanza ulime."

Wakabishana mpaka kengele. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Nilipokuwa nikifuta ubao nilifikiri kwamba kama kitabu kinaweza kuwafanya watoto wa darasa la nne wapime haki ya mwenye njaa na haki ya mwenye jembe, basi kitabu ni kizuri, na mdogo wangu amefanya kazi ya maana. Nilikupenda sana siku ile.

Hapa nikiri kosa langu, maana sehemu ya hasira yangu ni juu yangu mwenyewe. Wiki ya mtihani niliwaambia: mkiulizwa juu ya kitabu, andikeni mlichokiona ninyi, msiandike mnachodhani mwalimu anakitaka. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, naona fahari. Wajanja hawakunisikiliza. Sikudhani alinisikiliza, kwa sababu yeye akiambiwa kitu na mama yake mkubwa hukiamini.

Swali la tisa liliuliza: Kiguu aliponaswa mtegoni, wewe ulijisikiaje? Eleza sababu. Somoe wa kumeza mate aliandika kwamba alihuzunika na kulia siku tatu. Amepewa alama zote tano. Simchukii Somoe, amechaguliwa, na aende salama. Nakueleza tu ni nini kinacholipwa.

Matokeo yalipokuja sikuamini. Sikudhani ni wa kwanza wangu tangu darasa la kwanza. Huyo ndiye anayepanda kutoka bondeni ndoo kichwani, kitabu mkononi, akisoma huku anatembea, wala hamwagi. Nikapata lori la korosho hapa, nikakaa juu ya magunia mpaka Masasi, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikwenda nyumbani kwa Bwana Mahmudu huko Mkomaindo, mmoja wa walimu waliosahihisha mitihani ya upande wetu. Hatukujuana. Alinipa maji ya kunawa kabla hajaniuliza shida yangu, na kwa hilo namshukuru.

Aliitafuta karatasi ya Sikudhani, akaiweka mezani. Aliikumbuka mara moja. Akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto alinikosesha raha siku mbili." Nikamwuliza, basi sifuri ya nini? Akainuka, akaleta kijitabu cha jalada la bluu, kile ninyi wa ofisini Dar es Salaam mlichowapelekea wasahihishaji peke yao, ambacho sisi wa darasani hatukupewa. Akakifungua ukurasa wa arobaini na moja, akanisogezea, akatazama pembeni.

Nakuandikia maneno yenyewe, iwapo umeyasahau. "Mtoto aone huzuni na amchukie mkulima. Mtoto anayefurahi au kusema panya ni chakula apewe sifuri, kwa kuwa hajaelewa kitabu. Jibu la namna hiyo ni la ukatili, na huonyesha mtoto aliyetoka katika nyumba isiyostaarabika." Nikageuza jalada kutafuta Mzungu gani ameandika. Nikakuta kimetungwa na Filemoni Nantanga.

Nyumba ipi, Filemoni? Nitajie. Nyumba yenye mlango ulioelekea mashariki, yenye mtungi uliovunjika mdomo, ambayo ndani yake tulizaliwa watatu? Ndiyo isiyostaarabika? Mama yupo ndani yake sasa hivi, anakaanga mbegu za maboga, na sanduku lenye jina lako liko chini ya kitanda chake. Sijamwambia. Sijui nianzeje.

Bwana Mahmudu hakujua kwamba wewe ni ndugu yangu mpaka nilipomwambia. Akakifunga kijitabu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe mtu wa huku. Jana nimekula samaki nchanga kwa ugali wa muhogo. Lakini jibu nikiletewa limeandikwa, mimi nafuata." Nilitaka kumkasirikia pia, nikashindwa. Ana watoto sita na kazi yake inakaguliwa. Aliyeandika ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuandika vingine.

Mzungu aliyetunga hadithi naye simlaumu. Kwao panya hawaliwi, na yeye aliandika kwa ajili ya watoto wa kwao, wanaolala wameshiba, hivyo kumwonea huruma panya ni jambo rahisi kwao. Hakuna aliyemwambia kwamba kitabu chake kitasomwa Kitangari. Wewe uliambiwa. Wewe ndiye uliyekileta, ukijua kila mtoto atakayekifungua mikono yake inanukia nini.

Tena usifikiri sijui sentensi ile ilitoka wapi. Nilikuwepo. Ulipokwenda shule ya bweni upande wa Masasi, Mama alikufungia kikapu cha samaki nchanga wakavu wa kukutosha muhula mzima, na watoto wa pwani wakakuita Paka. Ulirudi likizo ukajificha nyuma ya ghala ukaniambia mimi peke yangu, unalia mpaka unakwama. Nilikushika kichwa. Nilikuahidi sitamwambia Mama, na mpaka leo sijamwambia. Lakini hukufa njaa muhula ule, na waliokuita Paka wengine walifukuzwa kwa kuiba mihogo ya jirani. Na mwaka juzi Mama alipokutumia kifurushi, ulijibu "asante kwa samaki", basi, kama mtu aliyetumiwa changu wa baharini. Mama alifurahi. Mimi nilielewa kwamba umeandika hivyo ili Sophia akiisoma asijue.

Aibu yako ulikuwa na haki nayo ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Una miaka thelathini na moja sasa, na umeichukua aibu ile ukaipiga chapa ukawagawia watoto wa jimbo zima.

Sasa soma alichoandika mpwa wako. Bwana Mahmudu aliniruhusu ninakili, nami nimenakili bila kumsahihisha.

"Kiguu aliponaswa kwanza nilifurahi kwa ajili ya mwenye mtego, kwa sababu alilima na ukurasa wa ishirini na sita watoto wake walikunywa uji mwepesi. Kitabu kimetaja majina ya panya wote hata shangazi zao, lakini mkulima hana jina na watoto wake hawana majina. Nadhani mwandishi angewapa majina, msomaji angewahurumia nao. Halafu nilimwonea huruma Kiguu pia, kwa sababu ni kilema na alimwita kaka yake. Kwetu panya tunawatega na kuwala. Hatuwachukii. Mkulima wa kitabu anamchukia panya, anamwua na kumtupa jalalani kama alivyomfanya baba yake Sharubu. Hilo ndilo lililonihuzunisha kuliko yote. Kitu kikiuawa kisitupwe. Tena mtego ule haukutegwa sawasawa, kitanzi kinashika shingo, hakishiki kiuno. Mwandishi hajawahi kutega."

Mtoto ana miaka kumi na mitatu. Mimi nina cheti cha ualimu ukutani na sikuona kwamba mkulima hana jina. Wewe ulikifasiri neno kwa neno, je, uliona? Nilirudi nikahesabu. Kina panya kumi na wanne wenye majina, mmojawapo amekwisha kufa kabla hadithi haijaanza. Mkulima anaitwa "mkulima" kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Na lile neno la kutupa, najua alikolipata. Mwezi wa nne, Jumamosi moja mchana, Mama alinitaka nimsomee kitabu cha mwanawe, nikamsomea hukohuko barazani, Sikudhani akimenya mihogo kando yetu. Nilipofika pale baba yake Sharubu anaponaswa, Mama akauliza, "Wakampika na nini?" Nikamwambia hawakumpika, walimtupa. Mama akaacha alichokuwa akifanya. Akasema, "Basi walimwulia nini?"

Nikaendelea kusoma. Sikudhani yeye alilishika swali la bibi yake, akalibeba miezi sita, akalijibu kwa kalamu ndani ya chumba cha mtihani. Huo ndio ukatili uliopewa sifuri. Ndiyo nyumba yako isiyostaarabika hiyo, ndugu yangu, na inafikiri vizuri kuliko kijitabu chako cha bluu.

Sikuandikii ili kukuumiza tu, ingawa leo ukiumia sitasikitika. Ninataka kitu. Bwana Mahmudu amenieleza kwamba yeye hawezi kupingana na majibu yaliyopigwa chapa, lakini aliyeyatunga akiandika barua kwa wakubwa wa mitihani, akasema jibu kama hili linakubalika, alama zitahesabiwa upya. Alama tatu zinamtosha. Si lazima apewe zote tano. Barua itoke kwako, kwa jina lako lote, iseme kwamba sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja ni kosa lako. Usiandike kwamba ni kosa la mpiga chapa. Nakujua, ndilo la kwanza litakalokujia kichwani.

Iandike siku utakayoipata hii. Mvua zikianza kule bondeni malori yatakwama, na barua ikikaa Mtwara wiki mbili orodha itakuwa imefungwa. Nakala moja ipeleke kwa wakubwa, nyingine nitumie mimi, niipeleke Masasi mwenyewe hata kwa miguu.

Usidhani una mtu wa kumtupia mzigo huu. Mabel hali vizuri tangu matokeo. Nilikwenda kwa shemeji yetu Dadi nikiwa tayari kugombana, nikidhani atafurahi kumpata binti wa kuokota korosho na kumtoa mapema kwa mume. Hakufurahi. Aliniambia, "Mama Majaliwa, mimi baba tu. Mtoto ana mjomba wake. Akisema asome, ataingia shule yoyote na mimi nitambebea sanduku. Akisema akae, atakaa." Unajua mila yetu kama nijuavyo mimi: neno la mjomba ndilo linalosimama. Dadi anangoja neno lako kwa heshima zote, hajui kwamba ulikwisha kulisema, likapigwa chapa, likasomwa na wasahihishaji wote wa jimbo kabla yeye hajaulizwa.

Basi liseme upya. Hilo tu.

Nimekwisha. Mkono unauma, na wino nao unaelekea kuisha. Msalimie sana Sophia, mwambie mkufu aliomletea Mama anauvaa hata shambani. Mwambie pia, kama una moyo, samaki nchanga ni nini, maana Mama amewafunga kumi na wawili wakavu katika majani ya migomba, atakuletea Bwana Hamidu mwenye duka, baba yake Shamte, anayepanda meli Mtwara wiki ijayo. Watano kati yao wamenaswa na Sikudhani mwenyewe, shingoni. Usiwagawe kwa majirani.

Mabel anakusalimu, na Dadi, na Majaliwa mwenye pengo. Mama anakupa baraka zake na kukuombea maisha marefu, mke mwenye subira na kazi isiyokuchosha macho. Mimi naongeza ombi langu: Mungu akulinde, na akurudishie ule moyo uliokuwa nao asubuhi tulipokuwa tukizungukia mitego, wewe mbele mimi nyuma, ukinikataza nisikanyage majani.

Sikudhani naye anakusalimu, anasema shikamoo mjomba. Anajua kwamba kitabu ulikifasiri wewe, na bado anakipenda. Nilipomweleza sababu ya sifuri yake, nilimwambia tu kwamba kuna kijitabu cha majibu kilichotoka Dar es Salaam. Hakuniuliza nani alikitunga. Yeye amekwisha kuamua kwamba ni mgeni mmoja asiyejua kwetu, na ndiye aliyenituma nikuandikie, kwa kuwa wewe unafanya kazi katika jengo lilelile kilikotoka. Ameniambia, "Mama mkubwa, mwandikie Mjomba amtafute mtu huyo amweleze. Mjomba akimweleza atasikia." Kila akirudi kutoka bondeni, kabla hajatua ndoo, ananiuliza kama umeshamwona.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Anjelina